Kabla Hujasema "Huna Pumzi", Zungusha Gurudumu Lake

Mwezi uliopita tulikuwa na ile mada nzito ya mawifi na mashemeji, na najua kuna nyumba ilizua kasheshe. Mwezi huu nakuomba dakika kumi tu tuongelee baiskeli. Ndiyo, baiskeli. Usigeuze ukurasa kwanza. Mada hii imeshawafanya watu wanuniane wiki nzima, na isipoangaliwa vizuri inaweza kumtoa mtu meno ya mbele.

Si unajua tena, siku hizi baiskeli siyo usafiri wa muuza maziwa peke yake. Pita Coco Beach Jumamosi asubuhi na mapema uone vijana wa maofisini na wachumba zao, kofia ngumu kichwani, chupa ya maji kwenye fremu. Hata Umoja wa Mataifa umeipa baiskeli siku yake, tarehe 3 Juni, tangu mwaka 2018. Ni mazoezi yasiyohitaji ada ya gym, na kwa wapenzi ni nafasi nzuri ya kuwa pamoja bila simu mkononi. Mimi mwenyewe nawashauri wanandoa wengi wajaribu.

Lakini kuna jambo moja nimeliona likijirudia. Mnaanza pamoja, mkifika nusu ya safari mmoja yuko mbele kabisa na mwingine yuko nyuma anahema. Wa mbele anaanza kukereka, wa nyuma anaanza kujisikia vibaya. Mara nyingi anayebaki nyuma ni mwanamke, na kila mtu anajibu kirahisi tu: "Hana mazoezi." Kiukweli, jibu hilo siyo sahihi kila siku.

"MKEO ANA PUMZI KULIKO WEWE"

Nina shosti wangu, tulisoma wote chuo. Yeye na mumewe walinunua baiskeli mbili za mtumba ili wapunguze mwili pamoja. Jumamosi ya kwanza mume alikuwa mita mia mbele. Jumamosi ya pili akaanza utani: "Mama, tupunguze chipsi basi." Ya tatu shosti akasema kichwa kinamuuma, haendi. Ya nne hakusema kitu, akajifunika shuka.

Walipokuja kwangu Jumapili moja na baiskeli zao juu ya gari, yule dada alinivuta jikoni akanieleza huku machozi yanamlengalenga. Siyo kwamba anachukia baiskeli. Ameanza kuamini kwamba mwili wake umeshindwa, na anayemwambia hivyo kila wiki ni mtu anayempenda.

Mimi nimekulia Morogoro, kwenye nyumba ambayo baba alikwenda kazini kwa Phoenix miaka yote, na watoto wote tulijua kushika spana. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya ni kutoka nje, nikanyanyua gurudumu la mbele la baiskeli ya shosti na kulizungusha. Likaenda mzunguko mmoja na nusu, shwiiii, likasimama. Nikanyanyua la mumewe. Likazunguka kama feni.

Raba ya breki ya upande wa kushoto ilikuwa imeegemea ringi muda wote. Nikamwambia: "Shemeji, mkeo ana pumzi kuliko wewe. Kila Jumamosi wewe unatembea barabara tambarare, mwenzio anapanda mlima."

Shemeji alicheka, akamwomba msamaha mkewe pale pale, nikampa maksi zake. Ila alichotaka kufanya baadaye ndicho kilichonisukuma kuandika ukurasa huu. Alichukua spana akataka kulegeza waya wa breki mpaka raba ziache kugusa. Nikamzuia. Wao wanakaa Goba, na anayeijua Goba anajua miteremko yake. Ukilegeza waya, mlio unaisha, gurudumu linazunguka vizuri, kila mtu anafurahi. Siku mkeo anashuka mteremko na bodaboda ikachomoka pembeni, anabana breki, kishikio kinagonga usukani, na baiskeli inaendelea kwenda. Hapo siyo tena suala la nani ana pumzi.

Kwa hiyo mpenzi msomaji, nataka ubaki na neno hili: breki ikigusa, usianze na breki. Anza na gurudumu. Breki inafungwa kulifuata gurudumu, na kama gurudumu limekaa upande, hata ufunge breki kwa ufundi gani bado utakuwa umeipatanisha na kosa. Siku ukipata pancha ukalirudisha gurudumu limenyooka, breki inaanza kugusa tena na unajiuliza nani kakuroga.

SIKILIZA MLIO KWANZA

Hapa naongelea breki za raba zinazobana ringi, maana ndizo zilizojaa kwenye baiskeli za mtumba na za bei ya kawaida. Zile za sahani ya chuma katikati ya gurudumu zina mambo yake, tutaziacha.

Nyanyua gurudumu, lizungushe, kaa kimya usikilize.

Kama mlio ni wa mfululizo na unatoka upande mmoja, gurudumu limekaa upande, au breki yenyewe imehama katikati. Hili ndilo lililompata shosti.

Kama mlio unakuja na kupotea, shwi... shwi... shwi..., mara moja kila mzunguko, basi ringi limepinda mahali fulani. Kila pale palipopinda panapofika kwenye raba panagusa, kisha panapita.

Kama raba zote mbili zinagusa muda wote, waya umekazwa kupita kiasi, au umeshika kutu na haurudi ukiachia kishikio. Sisi tunaokaa karibu na bahari tunalijua hili. Hewa ya chumvi haina huruma na nyaya.

Kujua ni mlio gani kati ya hiyo mitatu ni nusu ya kazi. Wengi wanakimbilia spana kabla hawajasikiliza, kama wale wanaojibu swali kabla mke hajamaliza kuuliza.

JE, GURUDUMU LIMEKAA SAWA?

Simamisha baiskeli kwa magurudumu yake, juu ya sakafu iliyo sawa. Chuchumaa mbele uangalie nafasi kati ya ringi na foku, yaani ile miguu miwili ya chuma inayolibeba gurudumu la mbele. Pima kwa kidole chako, kushoto na kulia. Kama upande mmoja kidole kinapita na mwingine kinakwama, gurudumu halijakaa katikati.

Legeza nati mbili za ekseli, au kile kishikio cha kufungulia haraka kama baiskeli yako inacho. Usiligeuze baiskeli juu chini kwa kazi hii. Iache imesimama, bonyeza usukani kwa uzito wako ili ekseli iingie mpaka mwisho kwenye vipenyo vyake pande zote mbili, kisha kaza. Kaza kidogo upande huu, kidogo upande ule, kwa zamu. Mara nyingi tatizo linaishia hapo hapo, maana gurudumu lilifungwa kwa haraka siku ya pancha.

Gurudumu la nyuma nalo lina kanuni hiyo hiyo, ila baiskeli nyingi zisizo na gia zina vipenyo virefu vya kulala. Hapo lazima uvute gurudumu nyuma mpaka cheni ikaze vizuri, huku ukihakikisha tairi liko katikati ya vyuma viwili vya fremu. Ukivuta upande mmoja zaidi ya mwingine, gurudumu linakaa mshazari na breki inaanza kugusa upya.

Kisha shika ringi kwa juu, litikise kushoto na kulia bila kulizungusha. Likigonga koto koto, kuna nafasi ndani ya habu, kile kiini cha katikati zinakotokea spoku. Gololi zimelegea au zimekwisha. Usihangaike na breki kabla hujalimaliza hilo, kwa sababu gurudumu linalocheza linagusa leo kushoto, kesho kulia. Hii ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye spana nyembamba.

Sasa kama umekaza vizuri, hakuna kinachocheza, na bado ringi la mbele limeegemea upande mmoja, kuna jaribio moja zuri sana. Toa gurudumu, ligeuze, upande wa kushoto uwe wa kulia, kisha lifunge tena. Angalia ringi limeegemea wapi. Likihamia upande wa pili, kosa liko kwenye gurudumu lenyewe: spoku za upande mmoja zimevuta kuliko za upande mwingine. Likibaki kuegemea upande ule ule wa mwanzo, gurudumu ni zima, kosa liko kwenye foku au kwenye vipenyo vya ekseli. Ukimaliza lirudishe lilivyokuwa. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na litakuokoa usiuziwe gurudumu jipya wakati foku ndiyo iliyopinda.

Na hapa niwape angalizo mnaopenda mtumba. Baiskeli hizi zinasafirishwa kwa kupangwa na kubanana ndani ya kontena, na siyo ajabu gurudumu likafika limepinda huku rangi inang'aa. Kabla hujatoa hela, nyanyua kila gurudumu ulizungushe mbele ya muuzaji. Zile za Kijapani zenye kikapu mbele, zinazopendwa na dada zangu, mara nyingi zina breki ya raba mbele tu. Ya nyuma imefungwa ndani ya chombo cha duara kwenye habu. Kwa hiyo usishangae ukitafuta raba nyuma ukazikosa.

RINGI LIKIPINDA

Turudi kwenye ule mlio unaokuja na kupotea. Chukua chaki. Zungusha gurudumu polepole, na pale linapogusa raba weka alama. Alama hiyo ndiyo mgonjwa wako.

Ringi linashikiliwa na spoku kama hema linavyoshikiliwa na kamba. Spoku zinazotokea upande wa kushoto wa habu zinalivuta ringi kushoto, za kulia zinalivuta kulia. Zikivuta kwa nguvu inayolingana, ringi linanyooka. Kwa hiyo kama pale penye alama ringi limeegea kushoto, unakaza kidogo spoku za kulia zilizo karibu na alama, na kulegeza kidogo za kushoto. Kidogo maana yake robo mzunguko. Siyo mzunguko mzima. Robo, zungusha gurudumu, angalia, ndipo uongeze robo nyingine.

Kuna vitu vinne vya kukumbuka.

Kwanza, tumia spana ya spoku yenye saizi sahihi. Koleo inazimeng'enya zile nati ndogo, halafu hata fundi atakushindwa.

Pili, watu wengi wanakaza wakidhani wanalegeza. Ukiiangalia nati ya spoku kutoka upande wa tairi, kukaza ni kufuata mwelekeo wa saa. Ukiiangalia kutoka upande wa habu, inaonekana kinyume chake. Na ukiwa umeigeuza baiskeli juu chini ndiyo kabisa, kushoto na kulia vinakuchanganya. Andika K kwa chaki upande wa kushoto wa fremu kabla hujaigeuza.

Tatu, kama nati zimeshika kutu, usizilazimishe. Weka tone la mafuta kwenye kila moja, ziache mpaka kesho yake. Futa mafuta yote yaliyomwagikia ringi. Ringi lenye mafuta halina breki.

Nne, kama spoku itahitaji kukazwa sana, toa upepo kwanza. Ncha yake inaweza kuchomoza ndani ya ringi na kutoboa tyubu.

Usishangae pia ukikuta kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli ya gia spoku za upande wa cheni zimekaza kuliko za upande wa pili. Hapo hakuna kosa. Gia zimechukua nafasi upande huo, kwa hiyo spoku zake lazima zivute zaidi ili ringi likae katikati ya fremu. Ukijifanya unazisawazisha zote zilingane, umelihamisha ringi.

Na uwe mkweli ukiona kazi imekuzidi. Kama ringi lilidumbukia shimoni likabonyea, au lina ufa, au spoku imekatika, mpelekee fundi. Spoku hazinyooshi chuma kilichobonyea. Fundi wa chini ya mwembe aliyeshika maringi miaka ishirini ataona kwa jicho kitu ambacho wewe utakitafuta saa nzima. Mlipe vizuri, na ukae pembeni ujifunze.

SASA NJOO KWENYE BREKI

Gurudumu likishakuwa limekaa sawa na limenyooka, ndipo breki inapata haki ya kuguswa. Na hapa ndipo napenda wapenzi wafanye kazi wawili, maana kazi hii kweli inahitaji mikono minne.

Kuna breki zenye umbo kama kwato, zilizofungwa kwa bolti moja juu ya gurudumu. Ili kuiweka katikati, mmoja anabana kishikio cha breki kwa nguvu ili raba zote mbili zikumbatie ringi. Mwingine analegeza kidogo nati iliyo nyuma ya foku, anaiacha breki ijitafutie katikati yake, kisha anakaza, wakati wa kwanza bado amebana. Mkiachia, raba zinarudi zikiwa na nafasi sawa. Ikihama kidogo, rudieni.

Kisha kuna breki zenye mikono miwili mirefu iliyosimama, mmoja kila upande, zilizosambaa sana baada ya kampuni ya Shimano kuzitoa mwaka 1996. Chini kwenye kila mkono kuna skrubu ndogo. Skrubu hiyo inakaza springi ya mkono wake. Raba ikigusa upande wa kushoto, kaza skrubu ya kushoto nusu mzunguko, na springi itauvuta mkono huo mbali na ringi. Bana breki mara tatu nne, angalia tena. Kama skrubu imefika mwisho, legeza ya upande wa pili. Na kama mkono mmoja unarudi kwa uvivu hata baada ya hapo, una kutu kwenye egemeo lake. Ufungue, usafishe, tia grisi kidogo.

Wenye baiskeli za babu kama Phoenix, breki zao zinavutwa na fito za chuma na raba zinabana ringi kutoka upande wa ndani, wa spoku. Hizo ndizo zisizosamehe kabisa gurudumu lililokaa upande, kwa sababu raba moja inaweza kwenda kugonga spoku. Kwa hiyo kanuni yetu ya kuanza na gurudumu kwao ni lazima.

Baada ya hapo, kagua raba zenyewe. Kila moja ibaki milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye ringi. Ikibana, uso wake wote ulale juu ya ringi. Ikipanda juu ikagusa tairi, itakula mpira mpaka tyubu ipasuke, na inaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Ikishuka chini sana, itateleza iingie kwenye spoku. Kama vile vifereji vya kwenye raba vimekwisha, badilisha, na zote mbili kwa pamoja. Na kama breki inapiga kelele kama mbuzi, kaza raba huku ncha yake ya mbele imetangulia kugusa ringi kwa kama milimita 1. Kelele nyingi zinaisha hapo.

Angalia na ringi lenyewe. Miaka ya breki inalila. Ukipitisha kidole ukasikia ukuta wake umeingia ndani kama bakuli, limechoka, na linaweza kupasuka. Na kama ni la chuma siyo aluminiamu, ujue kwenye mvua breki zake zinashika kwa kuchelewa sana. Anza kubana mapema.

IJUMAA JIONI, DAKIKA TANO

Kabla ya safari ya Jumamosi, mmoja ashike baiskeli ya mwenzake, siyo ya kwake. Nina sababu ya kusema hivyo. Mtu anaizoea baiskeli yake kama anavyoizoea harufu ya nyumba yake.

1. Nyanyua kila gurudumu, lizungushe. Linatakiwa liende mizunguko mingi bila kusikika.

2. Tikisa ringi kushoto na kulia. Lisigonge.

3. Kagua nati za ekseli. Na kama kuna mtu alitoa gurudumu kuziba pancha, hakikisha breki aliyoifungua ameirudisha. Wengi wanaisahau, na bila hiyo huna breki kabisa.

4. Bana kishikio kwa nguvu zako zote. Kisifike kwenye usukani. Kikifika, waya umelegea au raba zimekwisha.

5. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele kwa mikono. Gurudumu la nyuma linatakiwa linyanyuke. Hiyo ndiyo breki inayokusimamisha hasa, kwa sababu ukipunguza mwendo uzito mwingi unahamia mbele. Ila usiibane peke yake ghafla kwenye mteremko. Tumia zote mbili.

Jaribio la kwanza baada ya kufunga breki lifanyike uani au barabara tambarare isiyo na magari. Mteremko siyo mahali pa kujua kama ulikaza vizuri.

NENO LA MWISHO KWA WALIOKO MBELE

Ndugu yangu unayetangulia kila safari, nina ombi moja kwako. Mwenzio akibaki nyuma, kabla hujafungua mdomo, rudi. Shuka kwenye baiskeli. Nyanyua gurudumu lake ulizungushe. Au fanyeni rahisi zaidi, badilishaneni baiskeli kwa kilomita mbili. Utajua ukweli kwenye miguu yako mwenyewe, na hutahitaji kuambiwa na mtu.

Inawezekana utakuta gurudumu linazunguka vizuri na mwenzio kweli anahitaji mazoezi. Sawa, hakuna aibu, mtapunguza mwendo mwende pamoja, kwani mnamkimbilia nani? Lakini ukikuta raba imeegemea ringi, fikiria alibeba mzigo kiasi gani akijaribu kukufikia, bila kulalamika.

Na wewe unayebaki nyuma, usikubali haraka kwamba tatizo ni mwili wako. Sema, "Naomba tuiangalie baiskeli yangu kwanza." Siyo kisingizio hicho. Breki ni uhai wako, na una haki ya kujua kama zinashika na kama zinaachia.

Basi wapendwa, nawatakia Jumamosi njema, na kofia ngumu msiziache nyumbani. Mwezi ujao tutaongelea mume anayekopesha ndugu zake bila mke kujua. Hiyo najua mnaisubiri. Tuonane!